Kiti cha nne: mgeni mkaazi katika kambi za Agano la Dameski

Katika Hati ya Dameski, maandishi ya sheria ya kikundi cha kale cha Kiyahudi, safu ya 14, kuna agizo fupi kuhusu namna watu wa kambi wanavyopaswa kukaa kikaoni. Wahesabiwe wote kwa majina yao: makuhani kwanza, Walawi wa pili, wana wa Israeli wa tatu, na mgeni wa nne. Agizo linarudiwa papo hapo, karibu neno kwa neno: waandikwe kwa majina, kila mtu baada ya ndugu yake, na mgeni wa nne. Kisha linafungwa: ndivyo watakavyoketi, na ndivyo watakavyoulizwa juu ya kila jambo.

Huyo wa nne ndiye kisa chetu. Kwa Kiebrania ni *ger*, yule ambaye wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamjua kama mgeni akaaye kati yenu: mtu wa asili nyingine, anaishi na kufanya kazi miongoni mwa Waisraeli, ila hana ukoo wala urithi wa ardhi kwao. Kukutwa kwake hapa kunashangaza. Hawa ni watu waliojitenga hata na Wayahudi wenzao, wakiona taifa zima limepotoka. Halafu unakuta wamemtengea mgeni mahali pake kikaoni, tena kwa maandishi.

Jambo linazidi kuwa gumu ukifungua kipande kingine cha maktaba hiyo hiyo ya Qumran, kwenye mapango ya magombo ya Bahari ya Chumvi, kile kinachojulikana kwa namba 4Q174. Huko kunazungumzwa nyumba ambayo Mungu ataijenga kwa mikono yake siku za mwisho. Hataingia humo kamwe, kinasema, Mwamoni wala Mmoabi, wala mwana wa haramu, wala mwana wa nchi ngeni, wala mgeni. Neno ni lile lile, *ger*. Pale kapewa kiti, hapa kafungiwa mlango milele.

Wako wanaojaribu kuzipatanisha hati hizi mbili kwa kusema kwamba neno moja lina maana mbili tofauti. Mimi sioni haja. Nadhani anayetajwa ni mtu wa aina ile ile, na kinachobadilika ni mahali anapotaka kuingia. Aliingia kambini kwa mlango wa kaya. Hekalu halina mlango wa namna hiyo.

Hati na kambi zake

Hati ya Dameski ilijulikana kabla magombo ya Bahari ya Chumvi hayajagunduliwa. Mtaalamu Solomon Schechter alizikuta nakala zake mbili miongoni mwa makaratasi chakavu ya ghala la sinagogi la Ben Ezra, Cairo, yaliyohamishiwa Cambridge mwaka 1897, na akazichapisha mwaka 1910. Ni nakala za zama za kati. Ile ndefu hukadiriwa kuwa ya karne ya 10. Ingekuwa rahisi basi kushuku kwamba mgeni wa nne alichomekwa na mnakili fulani wa Cairo. Mapango ya Qumran yaliiondoa shaka hiyo. Vipande vya hati hii vilitoka katika mapango ya 4, 5 na 6, na vipande vya pango la 4 vina orodha hiyo, mgeni akiwa pale pale pa nne. Alikuwemo Hekalu la Pili, lile la Yerusalemu lililoharibiwa na Warumi mwaka 70 BK, likiwa bado limesimama.

Kambi zinazotajwa si mahema ya jangwani. Ni jumuiya za watu waliooa na kuzaa, wenye mashamba, mashinikizo ya divai, watumishi na biashara. Kambi isiwe na watu chini ya kumi, na kuhani mjuzi asikosekane. Juu yake yupo mwangalizi, ambaye ndiye anayepokea wapya, anayeamua nani auze nini kwa nani, na anayepokea mchango wa ujira wa siku mbili, kwa uchache, kila mwezi. Mfuko huo unakwenda kwa yatima, maskini, mzee asiyejiweza, aliyechukuliwa mateka na taifa geni, na msichana asiye na wa kumtetea.

Sasa turudi kwenye agizo lenyewe, maana lina mambo mawili ya kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni "kila mtu baada ya ndugu yake". Katika safu ya 6 ya hati hiyo hiyo, wanachama wanaagizwa wampende kila mmoja ndugu yake kama nafsi yake, na waushike mkono wa maskini, mhitaji na mgeni. Hapo mgeni amewekwa upande wa wanaosaidiwa. Katika safu ya 14 amehamia upande wa wanaoandikwa, na anayemtangulia katika foleni anaitwa ndugu yake. La pili ni kuulizwa. Anayeulizwa juu ya kila jambo ana kauli, hata kama kauli yake inasikilizwa mwisho. Mtu wa kuhurumiwa tu haulizwi neno kikaoni. Hupewa chakula akaenda zake.

Mwanafunzi, kivuli au mtu kweli?

Jibu moja linalopendwa ni kwamba mgeni wa nne si mtu wa taifa jingine kamwe. Ni Myahudi anayetaka kujiunga na bado hajamaliza majaribio, na anaitwa mgeni kwa kuwa kwa kikundi yeye ni wa nje. Wanaosema hivyo humleta Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, awe shahidi. Anapowaeleza Waesene, kundi la Kiyahudi ambalo wengi hulihusisha na Qumran, anasema wamegawanyika makundi manne kwa kufuata muda wa mafunzo yao, na kwamba wakubwa wakiguswa na wadogo huoga kana kwamba wamechangamana na mtu wa kabila geni. Makundi manne, wa mwisho kama mgeni: inavutia.

Ila haiingii katika hati yenyewe. Safu ya 15 inaeleza kwa urefu jinsi anayetaka kujiunga anavyoshughulikiwa, na sharti moja ni kwamba mtu yeyote asimfundishe hukumu za kikundi mpaka asimame mbele ya mwangalizi na kupimwa, isije ikaonekana baadaye kuwa ni mjinga. Mtu aliyefichwa hukumu hawezi kuketi kikaoni akaulizwa juu ya kila jambo. Tena makundi ya Josephus yanapangwa kwa miaka ya mafunzo, na haya ya hati yanapangwa kwa nasaba. Hakuna mwana wa Israeli anayepanda baada ya miaka miwili akawa Mlawi.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Linasema mgeni huyu ni kivuli cha Torati. Kikundi kilijiona kama Israeli ya jangwani, ndiyo maana kikaziita jumuiya zake kambi, na katika Kumbukumbu la Torati 29 waliosimama kulipokea agano ni wakuu, wazee, watoto, wake, na mgeni aliye ndani ya kambi, tangu mkata kuni hadi mteka maji. Kambi ya kweli lazima iwe na mgeni, basi wakamwandika, awepo asiwepo. Nakubali kwamba kiti cha nne kilichongwa kwa mti huo. Lakini Kumbukumbu la Torati haina orodha hii ya ngazi nne, haina kuulizwa, na mgeni wake anatajwa pamoja na wake na watoto. Mtu anayenakili tu hapati usumbufu wa kumtenga mgeni na wanawake na watoto akampa daraja peke yake.

Na kuna safu ya 12. Hii kwangu ndiyo ufunguo, na naona husomwa haraka mno. Ni sheria za kuhusiana na watu wa mataifa: mtu asinyooshe mkono kumwaga damu ya mtu wa mataifa kwa ajili ya mali na faida, asichukue chochote cha mali yao, wasije wakakufuru, isipokuwa kwa shauri la Israeli, asiwauzie wanyama wala ndege safi, wasije wakawatolea sadaka, asiwauzie vya ghala wala vya shinikizo. Kisha: mtumwa wake na kijakazi wake asiwauzie, kwa kuwa wameingia pamoja naye katika agano la Ibrahimu.

Kumbe kambini walikuwepo watu wa asili nyingine, na walikuwa wameingia katika agano. Hawakupitia kwa mwangalizi wala majaribio. Waliingia *pamoja naye*, pamoja na bwana wao, kwa kuwa walikuwa wa nyumba yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Ibrahimu mwenyewe katika Mwanzo 17: siku aliyotahiriwa, walitahiriwa wanaume wote wa nyumba yake, waliozaliwa humo na walionunuliwa kwa fedha kwa wageni. Na Kutoka 12 inampa mtumwa wa namna hiyo haki ya kula Pasaka.

Tumfikirie mmoja, kijana wa Idumaya, nchi ya kusini mwa Uyahudi, aliyenunuliwa na mwanachama mwenye shamba la mizabibu. Anatahiriwa. Siku ya Sabato bwana wake hana ruhusa ya kumsukuma kazini. Safu ya 11 inamtaja mtumwa, kijakazi na kibarua kwa pamoja. Bwana akifilisika hawezi kumuuza kwa Mgiriki wa pwani. Miaka inakwenda, labda anaachwa huru, labda anapata mtoto anayekulia kambini akizijua hukumu kama watoto wengine. Siku ya kuhesabiwa inafika. Makuhani wameandikwa, Walawi wameandikwa, wana wa Israeli wanaandikwa. Huyu aandikwe wapi? Kwa wana wa Israeli hawezi, hana baba wa kutajwa. Kumwacha nje ya daftari haiwezekani pia, agano limo mwilini mwake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alishapewa zamani, kilichobaki ni kumpa mahali pa kukaa.

Kumuunganisha mtu wa safu ya 12 na wa safu ya 14 ni kazi yangu. Hati haifanyi hivyo kwa maneno yake. Lakini ndiyo hati pekee inayotupa mlango ambao mtu wa asili nyingine angeweza kuingilia, na ndiyo hiyo hiyo inayotupa kiti atakachokalia.

Tatizo la siku ya nane

Pana kikwazo kimoja kisichopaswa kurukwa. Kitabu cha Yubile, ambacho leo tunacho kizima kwa Kigeezi tu, lugha ya kale ya Ethiopia, kwa sababu Kanisa la Ethiopia lilikihifadhi kama Maandiko, kinasema katika sura ya 15 kwamba asiyetahiriwa siku ya nane si mwana wa agano. Ukikifuata hadi mwisho, mtu mzima wa taifa jingine hawezi kuwa Mwisraeli hata akitahiriwa mara ngapi. Siku yake ya nane imepita. Qumran palikutwa nakala zaidi ya kumi za kitabu hiki, na Hati ya Dameski yenyewe, safu ya 16, inakitaja kama kitabu cha kuaminika kuhusu mgawanyo wa nyakati. Ndivyo wataalamu walio wengi wanavyousoma mstari huo.

Ila mistari michache tu baadaye, katika safu hiyo ya 16, hati inasema: kwa hiyo Ibrahimu alitahiriwa siku ile alipojua. Ibrahimu alikuwa na miaka 99. Sitaki kuubebesha mstari huu mzigo mkubwa kuliko ulivyo, kwa kuwa unazungumzia kiapo cha kurudi katika Torati. Lakini ni vigumu kutoona kwamba aliyeandika kuhusu watumwa walioingia agano la Ibrahimu alimkumbuka Ibrahimu aliyetahiriwa mtu mzima, pale pale alipokuwa akikitaja kitabu chenye siku ya nane. Kama alikijua kikwazo, alikipita.

Mgeni aliyeingia hivi ni tofauti kabisa na wageni waliotengenezwa kwa upanga. Karibu na mwaka 125 KK Yohana Hyrcanus, mtawala na kuhani mkuu wa Wayahudi, aliiteka Idumaya na kuwalazimisha watu wake watahiriwe au wahame. Mwanawe Aristobulus akawafanyia vivyo hivyo Waiturea, watu wa upande wa kaskazini. Kikundi chetu hakikuwapenda watawala hao, na agizo la kutomwaga damu ya watu wa mataifa kwa ajili ya mali linasomeka vizuri likielekezwa kwao. Katika ufafanuzi wa kitabu cha Nahumu uliopatikana Qumran, wapinzani wa kikundi wanashutumiwa kwa kupotosha wafalme, wakuu, makuhani, watu, na mgeni aliyeambatana nao. Mgeni yuko mwisho wa mstari hapo pia, lakini kati ya waliopotoshwa.

Mahali asipokuwepo

Ukihama kwenda Kanuni ya Jumuiya, gombo maarufu la pango la 1, mgeni anatoweka. Kila mwaka wanapita kwa mpangilio: makuhani kwanza, Walawi wa pili, watu wote wa tatu. Hakuna wa nne. Anayejiunga ni yule anayejitolea "kutoka Israeli". Wengine wanaona hapa ushahidi kwamba kikundi kilizidi kuwa kigumu kadiri miaka ilivyokwenda, kikamtoa mgeni.

Kabla ya kusema katolewa, tazama nini kingine kimetoweka. Kanuni ya Jumuiya haina sheria za ndoa, haina watoto wanaokulia ndani, haina mtumwa wala kijakazi, na mali ya mwanachama inachanganywa na ya wote baada ya miaka ya majaribio. Kaya imekwisha. Mtu anaingia peke yake kwa hiari yake, na asiyekuja na nyumba hawezi kuja na mtu wa nyumba. Sioni dalili kwamba kuna aliyekaa akapitisha azimio la kumfukuza mgeni. Mlango alioingilia uliondolewa pamoja na ukuta wake.

Kipande cha 4Q174 ni jambo jingine, kwa kuwa kinamtaja na kumkataa. Msingi wake unajulikana: Kumbukumbu la Torati 23 kwa Mwamoni, Mmoabi na mwana wa haramu, Ezekieli 44 kwa mwana wa nchi ngeni. Mgeni hayumo katika yoyote kati ya hizo mbili. Ezekieli, kinyume chake, katika sura ya 47 anawapa wageni urithi kati ya makabila. Aliyeandika kipande hiki alimwongeza kwa makusudi. Mtaalamu Joseph Baumgarten aliihusisha orodha hii na Wanethini, watumishi wa Hekalu ambao mapokeo ya marabi yanawahusisha na Wagibeoni, wakata kuni na wateka maji. Inawezekana. Ajabu ni kwamba mkata kuni na mteka maji ndio maneno ya Kumbukumbu la Torati 29 yanayomweka mgeni ndani ya agano.

Sababu inayotolewa ni muhimu kuliko orodha. Wasomaji walio wengi huisoma hivi: kwa kuwa watakatifu wake wako humo, yaani malaika. Sababu hiyo imo pia katika Hati ya Dameski, safu ya 15, ikisaidiwa na kipande cha pango la 4: mpumbavu, mwenye wazimu, kipofu, kiwete, kiziwi na mtoto mdogo wasiingie kati ya mkutano, kwa kuwa malaika watakatifu wako katikati yao. Hati hiyo iliwatoa Waisraeli wa damu kwa sababu ya malaika na ikamwacha mgeni ameketi. Kwa watu wa kambi, basi, kuwa mgeni hakukuwa doa la kuwakwaza malaika. Kwa mwandishi wa 4Q174 kulikuwa doa.

Gombo la Hekalu, gombo jingine la Qumran ambalo mwanaakiolojia Yigael Yadin alilichapisha mwaka 1977, linasimama katikati ya pande hizo. Linachora Hekalu lenye nyua tatu, uliomo ndani ya mwingine, na ule wa nje una takriban dhiraa 1,600 kila upande. Safu ya 39 na ya 40 zimeharibika, lakini panasomeka kizazi cha nne kuhusiana na ua wa kati, na wageni wanatajwa pamoja na mabinti kuhusiana na ua wa nje. Mgeni anaingia, ila kwa umbali, na huenda umbali huo ukapungua kwa wajukuu wake. Huku ni kupima kwa nyua. Kambi haikuwa na nyua za kupimia, ilikuwa na daftari la majina, na katika daftari mtu yumo au hayumo.

Wanaodhani ukali wa 4Q174 ni wa watu wa jangwani wasiojulikana na mtu wamtazame Simoni wa Yerusalemu. Josephus anasimulia kwamba Agripa wa Kwanza, mfalme wa Uyahudi kati ya miaka 41 na 44, mjukuu wa Herode na hivyo mwenye asili ya Idumaya, alipokuwa Kaisaria, Simoni huyu, mtu aliyesifika kwa kuijua sheria, aliwaita watu akasema mfalme si safi na anastahili kuzuiwa Hekaluni, kwa kuwa kuingia ni haki ya wazawa. Agripa alimwita, akamketisha kando yake katika ukumbi wa michezo, akamuuliza kwa upole: niambie, ni nini kinachofanyika hapa kilicho kinyume cha sheria? Simoni hakuwa na la kusema, akaomba radhi.

Simoni hakuwa na uhusiano wowote unaojulikana na Qumran. Alikuwa mjini, mbele ya watu, na alipata wa kumsikiliza. Rai ya kumzuia mgeni Hekaluni ilikuwa na wenyewe nje ya kikundi. Hata Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi, ilipopanga nani atangulizwe kwa nani, ilimweka mgeni aliyeongoka nyuma ya mwana wa haramu na nyuma ya Mnethini. Mpangilio wa Hati ya Dameski, unaomweka mara tu baada ya wana wa Israeli pasiwe na mtu kati yao, ndio unaohitaji kuelezwa.